Sampuli si wimbo wa kuazima

Msanii mwingine amekuja studioni kwetu Kirumba, Mwanza, na imani ileile: kwamba albamu ya roki iliyojengwa kwa sampuli, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa na kutumiwa upya kama ala, ni nyimbo za watu zilizokatwakatwa, na prodyuza wake hana alichotunga. Imani hii imenichosha, kwa sababu inaifuta kazi yenyewe.

Mwaka 1982 mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel alitoa albamu yake ya nne, iliyotegemea sana Fairlight CMI, mashine ya kurekodi sampuli na kuzicheza kwa kinanda, iliyobuniwa Sydney, Australia. Alikwenda kwenye vyuma chakavu akarekodi vioo vikivunjwa na mabomba yakipulizwa. Hapo hapana wimbo wa mtu. Mashine yenyewe ilikuwa ya biti 8, yaani yenye usahihi mdogo wa sauti, na kila chaneli ilikuwa na kilobaiti 16 za kumbukumbu, hivyo ukirekodi vipimo 24,000 vya sauti kwa sekunde, sauti yako haikufika hata sekunde moja. Bendi ya The Young Gods ya Uswisi ilikwenda mbali zaidi: mwimbaji, mpiga ngoma na mtu wa sampla (mashine ya kucheza sampuli), bila mpiga gitaa jukwaani.

Kinachopuuzwa ni ukataji. Chukua nyundo ya mponda kokoto ikigonga jabali, sauti ambayo mkazi wa Mwanza haihitaji kuelezwa. Ukiicheza kwa nusu ya kasi, inashuka oktavu moja (noti ileile, chini zaidi) na urefu wake unakuwa maradufu, na mlio mkavu wa chuma unapata uzito wa ngoma kubwa. Programu za leo hushusha sauti bila kuirefusha, lakini mara nyingi huufifisha mpigo wa mwanzo, zile milisekunde chache zinazoliambia sikio kwamba hiki ni chuma juu ya jiwe. Kwa hiyo mimi huuacha urefu uongezeke, kisha huukata mkia pale wimbi la sauti linapovuka sifuri, yaani mstari wa ukimya, kwa maana ukikata kwenye kilele cha wimbi utasikia mdonoo ambao hakuna miksi itakayouficha. Kukata mwanzo wa sauti ni kugumu zaidi: ukiacha ukimya mwingi mbele ya mpigo, ngoma inachelewa, ukibana mno, unaukata ukali wake.

Nisilolitatua ni haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtayarishaji wa rekodi, lakini mponda kokoto, ambaye mkono wake ndio ulioamua nguvu na mwachano wa mapigo, sidhani kama ana fungu lake. Mimi humlipa na kumtaja kwenye albamu, ila sina hakika kama malipo ya mara moja yanatosha kwa sauti itakayochezwa miaka mingi.