Acheni Kuniuliza Kama Kuna AC

Simu ya mapokezi ikilia wakati wa likizo, swali la kwanza ninalijua kabla sijasema haloo. "Dada, mna AC?" Nikijibu kwamba vyumba vingi ni vya feni na vya AC ni vichache, nasikia mtu anashusha pumzi. "Ah, Malindi hiyo bila AC tutalalaje?" Anakata. Anakwenda kulipa zaidi mahali pengine, chumba cha nyuma kilichobanwa na kuta za majirani, madhali kuna kile kisanduku cheupe juu ya mlango.

Wiki hii imezidi. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia hii kwenye WhatsApp.

Mimi ni meneja wa gesti, si mhandisi. Kazi yangu ni kupanga watu vyumbani usiku, kupokea malalamiko yao asubuhi, na kumwita fundi. Ukiifanya kazi hii unavijua vyumba vyako kwa lawama zao. Na kwangu chumba kinachosifiwa kuliko vyote ni cha feni, ghorofa ya juu, upande wa mashariki, chini ya makuti. Kinacholalamikiwa zaidi kina AC.

Joto letu kwa namba si la kutisha. Hewa ya Malindi mara nyingi hucheza baina ya nyuzi 24 na 32. Garissa na Lodwar kuna joto la kuzidi hilo. Kinachotutesa sisi ni unyevu: jasho linatoka lakini halikauki, linakaa mwilini. Ndiyo maana upepo una maana kubwa huku. Feni haipoozi chumba, inampooza aliyelala chini yake, kwa kuondoa ile hewa iliyoshiba unyevu inayokuganda kwenye ngozi. Kwa hivyo ukitoka kwenda ufukweni ukaiacha feni inazunguka "ili nikirudi nikute pamepoa", hukuti kitu. Mota yake imeongeza joto kidogo, na mimi nimepoteza tokeni za umeme.

Feni ikizunguka kwa uvivu hata kwenye namba 5, usikubali kuambiwa ni ya zamani. Mara nyingi ni kapasita imechoka, kile kifaa kidogo cha umeme kinachoisaidia mota kuzunguka. Fundi anaibadilisha kwa dakika chache. Omba ibadilishwe au uhamishwe chumba.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo hakuna anayeuliza kwenye simu: juu ya dari ya chumba hicho kuna nini?

Malindi iko nyuzi 3 hivi kusini mwa ikweta. Jua linapita karibu na utosi miezi mingi ya mwaka, kwa hivyo kinachopigwa zaidi ni paa, kisha ukuta wa magharibi. Paa la mabati lisilo na dari ya mbao chini yake linachoma mchana lakini jioni linapoa upesi. Slabu ya zege iliyoachwa wazi ina ujanja mwingine. Inakunywa jua kutwa nzima bila kukuonyesha dalili, kisha jua likizama inaanza kulitema chumbani, na inaendelea hadi usiku wa manane. Mgeni anakuja saa tano asubuhi, anaingia, anasema "pako poa", analipa. Saa nne usiku yuko mapokezi na shuka begani ananiuliza kama nimezima feni.

Ndiyo maana nasema chumba hakikaguliwi asubuhi. Ukiweza, kione saa kumi na mbili jioni. Weka kiganja kwenye ukuta wa magharibi. Kisha simama juu ya kitanda (vua viatu, jamani) uinue mkono karibu na dari. Ukihisi joto linakushukia, hicho ndicho kitakuwa chumba chako mpaka usiku wa manane, AC au bila AC. Kama umefika mapema na huna budi kulipa, uliza tu: juu ya chumba hiki kuna nini? Kukiwa na ghorofa nyingine, vizuri. Kukiwa na makuti juu ya slabu, vizuri zaidi, maana slabu yenyewe haioni jua. Makuti yana adabu zake: vumbi linadondoka, mijusi wapo, na dawa ya mbu ya kuwasha usiiweke ovyo. Lakini utalala.

La pili ni madirisha. Mtu ananiambia, "Chumba kina dirisha kubwa." Kubwa la nini, ikiwa ni moja? Upepo hauingii mahali pasipo na pa kutokea. Dirisha dogo upande huu na tundu la hewa juu ya mlango upande wa pili vinashinda kioo kipana kisicho na mwenzake. Angalia kama juu ya mlango kuna nafasi yenye wavu, na kama haijazibwa na kipande cha plaiwudi. Huzibwa mara nyingi, na anayeziba huwa ndiye aliyefunga AC.

Upande gani? Pwani yetu inatazama mashariki. Kaskazi inavuma kutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, Aprili hivi hadi Septemba. Dirisha la mashariki linapata sehemu yake kwa pepo zote mbili. Dirisha la magharibi linapata jua la alasiri na kelele za bodaboda. Mwezi wa Julai, kusi ikiwa imeshika, wageni wangu wa ghorofa ya juu wanaomba blanketi. Na bado kuna anayepiga simu Julai kuuliza AC.

Haya, nisiwe mbishi kupita kiasi. Kuna wakati nakubali. Mwezi wa Machi kaskazi inakufa na kusi haijafika. Bahari imelala, matawi ya mnazi hayatikisiki, na mashauri yangu yote ya madirisha yanakuwa porojo, kwa sababu huwezi kupitisha upepo ambao haupo. Siku hizo feni inakuzungushia hewa ile ile. Ukiwa na mtoto mchanga, au mzee, au mgonjwa wa presha, lipia AC na usinisikilize.

Wanaovuka Mokowe kwenda Lamu wanapanda boti na imani ile ile. Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti za mikoko, na kiwanda, yaani ua wa ndani usioezekwa, katikati ya nyumba. Watu wa majengo hupenda kuusifu ukuta mnene wa nyumba hizo. Mimi nina shaka nao kidogo. Ukuta mnene unahitaji usiku wa baridi ili utoe joto ulilolishika mchana, na usiku wetu wa Machi haupoi kiasi hicho. Kinachofanya nyumba ya Lamu ilalike, nionavyo mimi, ni vichochoro vyembamba ambavyo jua halipati nafasi ya kugusa kuta zake, na kile kiwanda kinachoitoa hewa ya moto juu. Ukuta ni msaidizi tu. Kwa hivyo nyumba ya kale iliyokatwa vyumba vidogo vidogo kwa mbao ngumu, kiwanda kikaezekwa ili kupatikana kitanda kingine cha kukodisha, imebaki na mlango wa nakshi na picha nzuri za mtandaoni. Upepo umeshafukuzwa. Angalia pia chini ya kuta: plasta ikiwa inabambuka na kutoa ungaunga mweupe, mara nyingi mawe ya zamani yamepakwa saruji badala ya chokaa, unyevu na chumvi vimekosa pa kutokea. Chumba hicho kitanuka ukungu, na taulo lako halitakauka. Panda juu. Ukiwa Lamu, pesa yako ndogo itumie kulipia chumba cha juu.

Tukubaliane basi kwamba umepata AC. Kinachofuata ni kuweka rimoti nyuzi 16.

Sijui nani aliwafundisha watu kwamba ukiweka 16 chumba kinapoa haraka. Ile namba si mwendo. Ni mahali pa kusimama. Ukipanda basi Mombasa ukamwambia makanga unashukia Lamu badala ya Malindi, basi haliongezi mwendo hata kidogo. Kwenye mashine nyingi za gesti zetu, zile za kawaida, kompresa, ile pampu inayozungusha gesi, ama inafanya kazi yote ama imepumzika. Chumba kikiwa na nyuzi 31, ukiweka 24 au 16 inafanya kazi ile ile. Hata zile za kisasa zenye inveta, zinazoweza kupunguza kasi, ukiingia chumba kikiwa moto zinaanza kwa nguvu zake karibu zote kwa vyovyote. Tofauti ni kwamba ya 24 itafika ipumzike, na ya 16 haitafika kabisa, itanguruma mpaka alfajiri.

Na kwa nini haifiki? Niliitwa chumbani na mume na mke, "AC yenu mbovu." Nikaingia. Rimoti inasoma 16. Madirisha ni ya vioo vya luva, kimoja kimevunjika kona. Pazia limefungwa, kwa hivyo wao wanaona pamefungwa. Mlango wa choo uko wazi, na choo kina matundu ya hewa ukutani yasiyo na kifuniko, kama vyoo vyote vya mjini. Baridi yote ilikuwa inatoka hapo, na hewa nzito ya nje inaingia hapo hapo. Nikafunga mlango wa choo, nikaziba ile kona kwa gazeti, nikaweka 25, nikawasha na feni ya dari. "Dada, unatuongezea joto?" bwana akaniuliza. Nikamwambia anipe nusu saa. Hakupiga simu tena.

Nyuzi 25 au 26 pamoja na feni: hiyo ndiyo siri yote. AC ya BTU 12,000, kipimo cha nguvu yake ya kupooza, inakula takriban kilowati moja ikiwa kazini, feni ya dari inakula wati 60 hadi 75. Ukiielewa hesabu hiyo utaelewa kwa nini gesti ndogo huwasha AC usiku tu, na kwa nini meneja anakuwa mkali. Wakati wa masika, jaribu kitufe chenye alama ya tone la maji. Kinakausha hewa, na mara nyingi unyevu ndio uliokuwa unakusumbua.

Ikipuliza hewa isiyo baridi, usikae kumsubiri fundi aje "kuongeza gesi". Gesi ya AC haitumiki ikaisha kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, inavuja. Upepo wa chumvi unakula ile mashine ya nje, na huku pwani hilo halikwepeki. Atakayeongeza bila kuziba atarudi tena. Hama chumba. Ikidondosha maji juu ya mto wako, bomba la kutolea maji limeziba. Sogeza kitanda, utuambie.

Neti sasa, kwa sababu imani ya AC ina mtoto wake: "Tuna AC, neti ya nini?" Baridi inamfanya mbu mvivu, haimuui. Umeme ukipotea saa nane usiku utafungua dirisha mwenyewe, umkaribishe. Mbu wa malaria anauma usiku, kwa hivyo neti ishuke kabla hujalala, iingizwe chini ya godoro pande zote, na usiiegemee, maana anauma kupitia humo. Yule wa dengi anauma mchana, na neti haikusaidii ukiwa umekaa uani unakunywa madafu. Mpake dawa mtoto. Kuna jambo moja ambalo mabango ya afya hayalisemi: neti inakata upepo. Inakata sana. Sina dawa ya hilo. Neti ya pembe nne ni afadhali kuliko ya mviringo, kwa sababu ile ya mviringo inakusanyika juu, pale pale feni inapopuliza. Ukipata feni ya kusimama, iweke ubavuni, usawa wa godoro, ipulize kupitia kitambaa kimoja tu. Bado utapoteza upepo kidogo. Ukipata malaria utapoteza zaidi.

Mengine haraka haraka. Ndoo iliyojaa maji bafuni si aibu ya gesti, ni ishara kwamba kuna mtu anayefikiri. Maji ya mfereji hukatika. Usiyanywe. Kunguni huangaliwa kwenye mishono ya godoro, si kwenye shuka, shuka tumeifua. Uliza disko liko umbali gani kabla hujauliza bahari iko umbali gani. Msikiti upo popote utakapolala, adhana ya alfajiri ni karibu saa kumi na moja, na haipunguzwi sauti kwa ajili yako. Beba kufuli.

Kwa hivyo nikipokea simu yako, niulize juu ya dari kuna nini, madirisha ni mangapi na yanatazama wapi, na neti ni ya namna gani. Nitakujibu kwa ukweli, na kama ni Machi nitakwambia mwenyewe uchukue cha AC. Rimoti ninakaa nayo mapokezi. Ukiihitaji nitapanda nayo, tuweke 25 pamoja, halafu nishuke nayo.