Kadi za Pointi: Wanayoamini Wenye Maduka na Ukweli Wenyewe

Dhana: Mteja akishakuwa na kadi yako, haendi kwingine.

Nakumatt, maduka makubwa ya Kenya, ilikuwa na kadi maarufu, Smart Card, na watu walikusanya pointi kwa miaka kila waliponunua, ili wapate zawadi. Wasambazaji walipokosa kulipwa, rafu zikabaki tupu mwaka 2017, na wateja wakahamia maduka mengine wakiwa na kadi mfukoni. Januari 2018 kampuni iliwekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama kwa sababu ya madeni. Pointi hazijazi rafu. Kama bidhaa hakuna au muuzaji ana kauli mbaya, anza hapo kabla ya kuchapisha kadi.

Dhana: Zawadi ikiwa kubwa, watu watarudi tu.

Mteja huangalia zaidi amebakiza hatua ngapi. Watafiti Joseph Nunes na Xavier Drèze walichapisha mwaka 2006 jaribio lililofanyika Marekani kwenye kituo cha kuosha magari. Wateja 300 walipewa kadi. Nusu walipata kadi ya mihuri 8, ikiwa tupu. Nusu nyingine walipata ya mihuri 10, miwili ikiwa imeshagongwa. Kazi ni ileile, kuosha gari mara 8 ndipo upate moja ya bure. Lakini waliokamilisha kadi tupu walikuwa asilimia 19, na wale walioanzishiwa asilimia 34. Mwenye saluni au mgahawa anaweza kulifanya hili kesho asubuhi bila kuongeza hata shilingi kwenye zawadi.

Dhana: Pointi ni za bure mpaka mteja azidai.

Pointi ni deni tangu siku unapozitoa, na mteja anazihesabu kama mali yake. Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, ilipotangaza mwaka 2022 kwamba pointi za Bonga, zile inazowapa wateja wake, zilizozidi miaka 3 zingefutwa kuanzia Januari 2023, wateja walilalamika sana, na mpango wa kuzifuta ukasitishwa. Masharti ya muda yaandikwe kwenye kadi siku ya kwanza, kwa lugha anayoielewa mama aliyekuja kununua unga.

Kabla ya kuahidi, piga hesabu. Kinyozi anayenyoa bure mara ya 10 amepunguza bei kwa asilimia 10 kwa kila anayejaza kadi, wakiwemo wale ambao wangekuja hata bila kadi.

Dhana: Bila programu ya simu huwezi.

Kadi ya karatasi na muhuri vinatosha. Daftari lenye namba za simu pia linatosha, mradi mteja akifikisha idadi apewe chake papo hapo, bila kuambiwa arudi bosi akiwepo.