Ubeti wa mwisho haufiki hewani

Kazi yangu ni kutunza nyimbo. Nimekaa miaka mingi katika chumba cha mitambo cha redio moja ya FM hapa Mombasa, na siku hizi natoa taarabu kwenye kanda na kuziingiza kwenye kompyuta. Wanaoniomba niwasimulie historia ya redio za muziki za mji huu hutarajia majina ya vituo na miaka. Mimi huanza na urefu wa wimbo.

Santuri za zamani, zile za mizunguko 78 kwa dakika, zilibeba kama dakika tatu kila upande. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alipovuka bahari kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zilizozoea kuimbwa barazani hadi watu waridhike ilibidi zikatwe kwa kipimo cha sahani. Wimbo mrefu uligawanywa: nusu upande huu, unageuza, nusu upande wa pili. Hata sahani za mizunguko 45 zilizotolewa hapa Mombasa na duka la Assanand, kwa lebo ya Mzuri, hazikuongeza nafasi kubwa.

Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilipoanzisha Kenya Broadcasting Services, Mombasa ilipata kituo chake, Sauti ya Mvita, Mvita likiwa jina la kale la mji huu. Hakikuwa cha biashara. Lakini vikundi vya mji viliingia studio na udi, fidla na ngoma zao, na mpigaji hakuwa na sahani ya kumharakisha. Mwaka 1964 shirika likageuzwa Sauti ya Kenya, na mengi yakaanza kuamuliwa Nairobi.

Kilichoufungua wimbo kabisa ni kanda. Kanda ya dakika 60 ina nusu saa kila upande. Mbwana Radio Service, duka la Mji wa Kale, liliuza kanda za Maulidi Juma, Zuhura Swaleh na wengineo, na watu wakarekodi harusi usiku kucha. Hapo ndipo unapomsikia mwimbaji anavyojua kungoja. Kinanda kinazunguka, tashkota, ala ya nyuzi yenye vibonyezo, inajibu, mtu anasimama kumtunza mwimbaji pesa, ubeti unarudiwa kwa sababu aliyetunza ameuomba. Dakika kumi, kumi na mbili, na hakuna aliyechoka.

Urefu huo si mapambo. Chukua nyimbo za marehemu Juma Bhalo, ambazo nyingi zilitungwa na binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Haya ni mashairi kamili yenye vina na mizani, na mtungaji wa Mvita huliweka fumbo mwanzoni akalifungua mwishoni. Ukizima wimbo ubeti wa tatu, umesikia swali tu.

Ndipo zikaja FM za watu binafsi. Nairobi ilianza na Capital FM mwaka 1996. Pwani ikafuata na Baraka FM, Radio Rahma, Radio Salaam, Radio Kaya, na Bahari FM ya Royal Media. KBC, shirika la utangazaji la taifa, nalo likaleta Pwani FM. Nilifurahi, na bado nafurahi: tulisikia lafudhi yetu hewani asubuhi, salamu za Kongowea zikamfikia mtu Likoni kabla hajashuka feri. Ila redio ya biashara huishi kwa saa iliyokatwa vipande. Habari, tangazo la simu, tangazo la sabuni, mtangazaji, wimbo. Ukibakiwa na dakika 40 za muziki, nyimbo za dakika nne zinaingia kumi. Za dakika kumi na mbili zinaingia tatu, na unabaki na pengo. Meneja wa vipindi hahitaji kuichukia taarabu ili aiondoe. Hesabu tu itamfanyia kazi hiyo.

Nami nilishiriki. Kompyuta ya matangazo ilipoletwa kituoni kwetu, niliambiwa nifupishe nyimbo zote zisizidi dakika tano, na nikazifupisha. Usiku mmoja bibi wa Kibokoni akapiga simu studio. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, wimbo mumeukata kabla ya jawabu. Sasa mie n'takwenda kulala na fumbo?" Sikuwa na la kumwambia. Kesho yake nikaanza kutafuta kanda zenyewe, kwa sababu nakala nilizokata sikuwa nimezihifadhi nzima. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilichokuja kuamini ni kwamba tangazo ndilo la kuhamishwa, wimbo uachwe. Tulijaribu na muuza leso mmoja wa Barabara ya Biashara: tangazo lake kabla ya wimbo, jingine baada, na katikati hakuna kitu. Alielewa upesi kuliko wakubwa wangu. Leso huuzwa kwa jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, na mteja hainunui kabla hajalisoma lote. Kipindi kikawekwa Alhamisi saa nne usiku, wakati ambao haugombaniwi na wengi. Ningependa kisogezwe mapema, na sitaacha kudai.

Kazi ya kanda yenyewe ni ya subira. Unyevu wa pwani huzaa ukungu mweupe kwenye utepe, kwa hiyo nausafisha kwanza na kuuzungusha taratibu mwanzo hadi mwisho. Kisha nafuta kichwa cha kusomea kwa spiriti na kukigeuza kidogo kidogo kwa bisibisi ndogo mpaka ncha za sauti zitoke, ile "s" ya mwimbaji na ukucha juu ya uzi wa udi. Mvumo wa kanda sisafishi sana. Ukiufuta wote, pumzi ya mwimbaji inaondoka nao.

Na sasa kwenye kila faili naandika mahali ubeti wa mwisho unapoanza, ili mtangazaji aujue kabla hajagusa kitufe. Wimbo niliomaliza jana una dakika 11 na sekunde 40. Ubeti wa mwisho unaingia dakika ya 9, sekunde ya 52.