Kadi ya punguzo la dawa ni bei, si bima: kwa wazee wetu walioko Marekani

Wazee wengi wanaokuja dirishani kwangu wana kadi mbili mkononi: ya Medicare, yaani bima ya afya ya serikali ya Marekani hasa kwa wenye miaka 65 na zaidi, na ile ya punguzo waliyoletewa kwa posta au iliyomo kwenye simu ya mtoto. Swali lao ni lile lile, watumie ipi? Mimi ni mfamasia hapa Texas, na jibu langu hutegemea dawa ni ipi, tuko mwezi gani wa mwaka, na huyo mzee ameingia Medicare au bado.

Kadi ninazoziona zaidi ni za GoodRx, kampuni iliyoanza 2011, na SingleCare. Kadi ya kawaida ni ya bure. Hakuna anayekuuliza umri, kipato wala makaratasi ya uhamiaji. Ukiitazama utakuta namba nne: BIN, PCN, Group na Member ID. Hizo ndizo ninazoingiza kwenye kompyuta. Zinapeleka dawa yako kwa kampuni ya kati, ambayo ilishakubaliana na duka kwamba dawa fulani iuzwe kwa bei fulani, na baada ya sekunde chache bei inarudi kwenye skrini yangu. Ukishalipa, duka linakatwa ada, na sehemu ya ada hiyo humwendea aliyekupa kadi. Kwa hiyo hakuna anayekufanyia hisani. Ni biashara, na si mbaya kwa sababu hiyo.

Ila yale matangazo ya kuokoa asilimia 80 yapokee kwa tahadhari. Asilimia hiyo hupigwa kwenye bei ya kubandikwa, ambayo karibu hakuna anayeilipa isipokuwa mtu asiye na bima wala kadi. Maduka huiweka juu makusudi, maana kampuni za bima hulipa kiasi kilicho kidogo kati ya bei hiyo na bei ya mkataba. Duka likiishusha linajipunja lenyewe. Usihesabu asilimia, hesabu dola zinazotoka mfukoni.

Sasa tuje kwenye Medicare, ambako ndiko watu wanapoumia. Dawa unazochukua dukani zinalipiwa na Sehemu D ya Medicare (Part D), iliyoanza 2006 na kuendeshwa na kampuni binafsi za bima. Kadi ya punguzo na Sehemu D haziungani. Kwa dawa moja unachagua moja: ama naipeleka kwenye bima, ama naipeleka kwenye kadi. Na ukitumia kadi, bima yako haina habari kwamba umenunua kitu.

Kwa nini jambo hilo lina uzito? Kwa sababu tangu 2025 kuna ukomo wa kile unacholipa mwenyewe kwa dawa za Sehemu D kwa mwaka mzima: dola 2,000 mwaka 2025, na 2,100 mwaka 2026. Ukifika hapo, dawa zilizomo kwenye mpango wako wa Sehemu D hulipii tena hadi Januari. Lakini kwa kawaida pesa zinazohesabika kufikia ukomo ni zile zilizopitia bima. Chukua mzee anayetumia Eliquis ya kuzuia damu kuganda. Serikali ilijadiliana bei yake, na kuanzia Januari 2026 ni dola 231 kwa siku 30 ndani ya Medicare. Mwanzoni mwa mwaka, kabla bima haijaanza kuchangia, huenda akalipa hizo zote mwenyewe, maana mpango unaruhusiwa kumwachia hadi dola 615 za kwanza za mwaka. Baada ya hapo, kwa mpango wa kawaida, analipa robo, yaani kama dola 58. Mzee huyo akishtuka Januari na kukimbilia kadi, huenda akatozwa zaidi, na hata akipata nafuu kidogo, kwa kawaida hatakuwa amesogea kuelekea ule ukomo. Dawa ghali yenye jina la kampuni ipite kwenye bima, na kama malipo ya Januari yanakukaba, piga simu kwa mpango wako uombe kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Utaratibu huo upo kwa kila mpango tangu 2025 na hauna riba.

Kwa dawa rahisi hesabu hugeuka. Metformini ya sukari, lisinopril ya presha: hizi ni dawa za jeneriki, yaani zisizo na jina la kampuni iliyozigundua, na Walmart, iliyoanzisha orodha yake ya dawa za bei nafuu 2006, huziuza dola 4 kwa siku 30 na dola 10 kwa siku 90, bila kadi yoyote. Kama bima inakudai dola 15 kwa dawa ya aina hiyo, lipa taslimu au tumia kadi. Na uliza mwenyewe. Zamani baadhi ya mikataba ilimfunga mfamasia mdomo asimwambie mteja kwamba bei ya taslimu ni nafuu kuliko mchango wa bima. Oktoba 2018 zilisainiwa sheria mbili za kuondoa kifungo hicho. Lakini sheria imeniruhusu kusema, haikunilazimisha, na foleni ya saa kumi na moja jioni haimpi mtu nafasi ya kujitolea maelezo. Sema tu: "Nitafutie bei ya bima, ya kadi na ya taslimu." Mfamasia yeyote anaelewa.

Kuna dawa ambazo mara nyingi kadi ndiyo njia ya kupata nafuu, kwa sababu sheria yenyewe imezitoa nje ya Sehemu D. Vitamini D ya yuniti 50,000 ambayo daktari huiandika kwa wiki mara moja haimo. Dawa za kutuliza dalili za kikohozi na mafua hazimo. Dawa za nguvu za kiume hazimo zikiandikwa kwa kazi hiyo. Hapa ndipo mzee huinama kidogo dirishani, akaangalia nyuma yake kama mkewe yuko mbali, akashusha sauti: "Na ile nyingine, mwanangu?" Ile nyingine, mzee wangu, ina jeneriki siku hizi, na kwa kadi bei inaweza kushuka sana. Linganisha maduka mawili matatu kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, maana kadi ile ile hutoa bei tofauti kila duka, na hata idadi ya vidonge hubadilisha bei.

Halafu kuna safari. Mtu amestaafu, anataka kukaa Mombasa au Moshi miezi mitatu, na Sehemu D haimlipii dawa atakazonunua nje ya Marekani. Akija kuchukua akiba mapema, kompyuta inagoma: ni mapema mno. Kwanza mwambie mfamasia aiombe bima kibali cha msafiri. Mipango mingi hukitoa. Ikikataa, na dawa ni ya jeneriki, daktari akiandika cheti cha siku 90, kadi inakusaidia kulipia mwenyewe bila kuingia deni. Dawa za kulevya za hospitali, kama zile za maumivu makali, usizitegemee kwa njia hii. Baadhi ya maduka hayapokei kadi kwa hizo, na mpakani zina sheria zake.

Wanaonufaika zaidi na kadi ni wazazi walioletwa na watoto wao. Mama amefika na kadi ya kijani akiwa na miaka 68, hajawahi kufanya kazi hapa. Lazima akae miaka mitano mfululizo ndipo aweze kununua Medicare. Katika miaka hiyo, kama hana bima nyingine, kadi ya punguzo na ile orodha ya dola 4 ndizo zitakazombeba kwa presha na sukari. Lakini siku anapostahili, asiseme kadi inamtosha. Sheria haiitambui kama bima. Kila mwezi atakaochelewa kujiunga na Sehemu D bila bima nyingine inayotambulika unamwongezea faini ya asilimia 1 ya ada ya msingi ya taifa, ambayo 2026 ni dola 38.99. Akichelewa miaka mitatu, ni kama dola 14 juu ya ada yake kila mwezi, maisha yake yote. Mwenye kipato kidogo aombe Extra Help, msaada wa serikali wa kulipia Sehemu D: akikubaliwa, faini hiyo haimhusu, na dawa ya jeneriki humgharimu takriban dola 5. Nimeona watu wakihangaika na kadi nne wakati msaada huu ungemaliza mambo.

Mawili mengine kwa haraka. Februari 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho iliishtaki GoodRx kwa kuwapa Facebook na Google taarifa za afya za watumiaji, na kampuni ikakubali kulipa faini ya dola milioni 1.5. Kama hutaki simu yako ijue una sukari, omba kadi ya karatasi.

La pili linanihangaisha zaidi kama mfamasia. Kadi inakufundisha kuhamahama maduka. Mzee anachukua warfarini kwetu, kisha antibayotiki ya salfa kwa jirani kwa sababu huko imeshuka dola 3. Dawa hizo mbili pamoja zinaweza kumfanya atokwe na damu, na kompyuta ya jirani haijui kwamba anatumia warfarini. Ukihama duka, beba orodha ya dawa zako zote, na umwonyeshe mfamasia kabla hujatoa kadi.

Uchaguzi wa mipango ya Sehemu D hufunguliwa 15 Oktoba na kufungwa 7 Desemba kila mwaka. Kabla ya hapo piga simu ya Medicare, 1-800-633-4227, uombe mkalimani wa Kiswahili, au utafute ofisi ya SHIP ya jimbo lako, inayowashauri watu kuhusu Medicare. Ushauri wao ni wa bure na hawauzi bima.