Baka lisilowasha wala kuuma, lileteni tulipime

Ndugu zangu wa Bahi, Chamwino na hapa Dodoma mjini, Siku ya Ukoma Duniani ni Jumapili ya mwisho ya Januari na kila tukipita vijijini na spika tunaulizwa lile lile, kwani ukoma si uliisha? Haujaisha jamani. Umekuwa adimu, na tabu yenyewe ndo hiyo, mtu anaona baka limepauka mgongoni, haliwashi, anapaka dawa ya fangasi mwaka mzima, anakuja kwetu mkono hausikii tena moto wa sufuria.

Kupima ni hivi: unafumba macho, tunagusa baka kwa pamba, unaonyesha kwa kidole ulipoguswa. Tunapapasa mishipa ya fahamu kwenye kiwiko na pembeni ya goti, tunahesabu mabaka, ikibidi tunachukua majimaji kidogo kwenye ndewe ya sikio yaende kwenye hadubini. Mabaka 1 hadi 5 dozi ni miezi 6, yakizidi hapo au vimelea vikionekana ni miezi 12. Dawa ni bure. Pakiti moja ni ya siku 28, vidonge vya siku ya kwanza unameza mbele ya mhudumu, vingine nyumbani, na pakiti 6 ziishe ndani ya miezi 9, zile 12 ndani ya miezi 18, kwahiyo ukiruka mwezi rudi tu uendelee, ila palizi ya uwele isiwe sababu ya kukosa dawa miezi mingi mfululizo, hapo huenda tukaanza upya.

Mkojo kuwa mwekundu ni rifampisini, ngozi kuwa nyeusi ni klofazimini, zote ni dawa zilizomo kwenye pakiti, na weusi huo unapungua taratibu ukimaliza dozi. Mabaka yakivimba ghafla, mshipa ukiuma au mkono ukilegea, njoo siku hiyo hiyo, tutakuongezea prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, na zile pakiti usiache. Wengi wanasema dawa imewazidishia, wanaacha, wanaenda kwa mganga, vidole vinapinda tukiwa na dawa kabatini!

Na hii ya kulogwa na laana ya ukoo inaniumiza sana. Daktari Hansen aliona bakteria anayeleta ukoma kule Norway mwaka 1873. Mgonjwa akishaanza dawa muda mfupi tu haambukizi tena, msimtengee sahani wala chumba. Ila mnaoishi naye njooni wote tuwaangalie ngozi, kwasababu ugonjwa unaweza kukaa miaka 5, hata 20, bila kuonekana. Yule kijana aliyehamia Dar mwaka juzi naye mpigieni simu.