Mfarishi wa Viraka: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Ukitaka kushona mfarishi, yaani tandiko la kitanda la vipande vilivyoungwa, tandaza mkekani vipande ulivyoviweka miaka yote, mabaki ya madera, pembe za kanga, sare za arusi zilizobaki kwa fundi, na la kwanza utakaloambiwa ni kwamba viraka ni alama ya dhiki. La pili ni kwamba huo ni mtindo wa Kizungu, hautuhusu. Yote mawili si kweli, na hili la pili linaniuma zaidi kwa sababu linasemwa hapa hapa Zanzibar.

Kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa, ilianzia kwenye vipande. Katika karne ya 19 wanawake wa mjini Unguja walikuwa wakinunua leso zilizochapwa, zikiuzwa zikiwa bado zimeungana kwenye jora. Wakikata leso sita, wakiziunga tatu juu na tatu chini, wakapata nguo moja ya kujifunga. Wenye maduka walipoona hayo ndipo wakaanza kuagiza nguo nzima iliyokwisha chapwa. Na ng'ambo ya bahari, katika jimbo la Karnataka nchini India, wako Wasidi, watu wenye asili ya Afrika, ambao hushona mifarishi ya nguo kuukuu iitwayo kawandi. Huanzia ukingoni, wakazunguka polepole kuelekea katikati, kwa sindano na mkono tu. Kwenye pembe nne huweka viraka vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita maua, na mfarishi usio na maua huhesabiwa kuwa uko uchi. Ufundi wa namna hiyo si wa dhiki. Na anayesema bila cherehani haiwezekani, jibu lake ni hao hao.

Sasa lile la chumvi, ambalo karibu kila nyumba inaliamini: loweka kanga kwenye maji ya chumvi, rangi itashika. Chumvi ina kazi yake kiwandani, wakati kitambaa kinatiwa rangi; huko husaidia rangi kuingia kwenye nyuzi za pamba. Kitambaa kikishafika dukani, chumvi ya jikoni haifungi kitu, wala siki haifungi. Kinachochuja ni rangi ya ziada ambayo haikushika tangu mwanzo, na dawa yake ni kuifua mpaka iishe. Kisutu, ile kanga ya arusi, ndicho cha kuangaliwa sana, kwa wekundu na weusi wake. Kipande kimoja kisichofuliwa, kikakaa ubavuni mwa kitambaa cheupe, kinatosha kuutia mfarishi mzima doa siku ya kwanza ya kuufua. Kiweke peke yake kwenye bakuli jeupe, mimina maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, kiache nusu saa. Maji yakipata rangi, mwaga, suuza, rudia. Yakibaki safi, kipande hicho hakina tatizo. Vipande vidogo huchakaa pembeni vikisuguliwa, kwa hiyo ni bora kuvitia ndani ya foronya, ukaifunga mdomo na kuifua hivyo hivyo. Kufua huku kunaondoa pia wanga unaoifanya kanga mpya iwe kavu, na kama kitambaa kina kurudi, kirudi sasa kabla hakijashonwa.

Kitambaa si kitambaa tu, ingawa wengi hudhani hivyo. Mabaki ya buibui na ya magauni mengi ya sherehe si pamba, na pasi ya moto wa pamba huyayeyusha. Jezi nazo huvutika, zikapinda mstari mzima. Ukiwa na shaka, chomoa nyuzi chache uziunguze juu ya sahani: pamba huungua kama karatasi ikaacha jivu laini, lakini nailoni na poliesta hujikunja, zikayeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Watu hutazama mfarishi wa namna hii wakadhani hauna hesabu. Unayo, tena kali. Chukua viraka vya inchi 5 kwa 5. Ukishona kwa robo inchi kila upande, kila kiraka kinabaki inchi 4 na nusu, na kitanda cha futi sita kwa sita kinataka viraka 16 kwa 16, yaani 256. Mkono ukizidi nusu ya robo inchi tu kila upande wa mshono, mstari wa viraka 16 unapungua karibu inchi 4, na hautakutana na mstari wa jirani yake. Kata vyote kwa kipimo cha karatasi ngumu, ukifuata uzi wa kitambaa. Kilichokatwa mshazari huvutika.

Na rangi? Hazihitaji kulingana. Kinachofanya kazi ni mwanga na giza. Gawa vipande kwenye makapu mawili, vya rangi nyepesi huku na vya rangi nzito kule, kisha vipange kimoja kimoja kwa zamu. Kijani cha dera kitakaa na chungwa la kitenge bila ugomvi, mradi kimoja ni chepesi na kingine kizito. Jicho likikudanganya, piga picha kwa simu uigeuze nyeusi na nyeupe. Vilivyojificha kapu lisilo lao utaviona mara moja.

Wapo wanaoogopa kukata kanga kwa sababu ya jina, kwamba maneno yakikatika nguo imeharibika. Mimi naona kinyume. Katika kanga ya "Nani kama mama", kiraka cha inchi 5 kinaweza kubakiwa na neno MAMA peke yake, na vidoti vya pindo chini yake. Hicho ndicho kiraka cha kuweka karibu na mto.

Joto la kwetu halizuii mfarishi. Kinachowachosha watu ni kujaza. Si lazima utie sufi, tena sufi haipatani na kufuliwa, hujikusanya mabonge. Shuka moja kuukuu la pamba katikati linatosha kwa usiku wa kipupwe, Juni hadi Agosti, na wakati wa kaskazi unaweza kuacha matabaka mawili tu. Piga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza, kutoka katikati kwenda nje, kisha ndiyo ushone moja kwa moja.

Husemwa pia kwamba kazi hii ni ya bure. Vipande ni vya bure, lakini uzi haumo sandukuni. Ukitaka kubana pesa, bana kwenye bitana, tumia marekani ya bei nafuu au shuka la zamani. Kwenye uzi usibane. Uzi dhaifu hukatika wakati wa kufua, na kuziba mshono uliofumuka katikati ya mfarishi uliokwisha kufungwa ni kazi ya siku nzima.