Heap, pile, stack: zinatofautianaje?

Wengi wakikutana na heap, pile na stack wanaandika rundo, rundo, rundo halafu wanasonga mbele, sio dhambi ila wenye Kiingereza chao wanaangalia vitu vimekaaje. Twende Mwaloni, soko la samaki pale Kirumba, Mwanza. Dagaa wakimwagwa chini kutoka kwenye gunia, wamejiangukia hovyo hovyo, hiyo ni heap. Stack ni yale makreti ya soda yaliyopangwa moja juu ya lingine, hapo kuna mkono wa mtu, ukichomoa la chini umekwisha. Hata watu wa programu wanayo stack yao, kilichowekwa mwisho ndo kinatoka kwanza. Pile yenyewe haichagui, vimepangwa havijapangwa inabeba, kwahiyo ukibanwa sema pile.

Sasa mawe yetu ya Mwanza ndo yanachanganya, ukiangalia Jiwe la Bismarck pale ziwani unaweza kuapa kuna jitu lilikuja likayabebanisha, utake kuita stack, ila hamna aliyepanga kitu, ni graniti ilikuwa chini ya ardhi ikapasuka pasuka kwenye nyufa zake, sehemu zilizooza zikaondoka na maji miaka mingi mno, yakabaki magumu yamekaliana hivyo. Mi naita pile. Cairn usithubutu, hiyo ni mawe watu wameyarundika makusudi, alama ya njia au kaburi.

Yale maneno marefu ya kurundika, accumulate na aggregate, yametoka Kilatini. Kwenye accumulate kuna cumulus, maana yake rundo tu, ndo jina Luke Howard wa London aliyapa mawingu meupe yale yanayofura, mwaka 1802. Aggregate ina kundi la mifugo ndani yake, Msukuma ataishika fasta hii, ni kuswaga wote wakawa kundi moja.

Ila kwenye matumizi angalia nia ya mtu. Accumulate inajijazia taratibu hata kama hutaki, vumbi juu ya kabati, deni la dukani kwa Mangi. Amass mtu kaamua mwenyewe, ndo kule kujilimbikizia mali. Halafu kuna hoard, huyu kajaza sukari stoo kafunga kufuli anasubiri bei ipande, na huyo ukimwandikia amass utakuwa umempendelea.